Apolo Kivebulaya na Kundi Dogo la Mboga

Ukisimama Kilimatinde kwenye ukingo wa Bonde la Ufa na kutazama mashariki, nchi inateremka ghafula chini ya miguu yako, na macho yanakwenda mbali mpaka upande wa Bahi. Mbali sana kutoka hapo, kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Ziwa Viktoria na milima ya Ruwenzori yenye theluji, kuna kijiji kikubwa kilichokaa vivyo hivyo. Kiko juu ya ukingo wa mkono wa pili wa Bonde la Ufa, nacho kinatazama mashariki, na chini yake unapita mto Semliki. Nyuma yake, upande wa magharibi, unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Kijiji hicho zamani kiliandikwa Mboga, na watoto wetu wa Shule ya Jumapili hucheka wakilisikia jina hilo. Siku hizi huko Kongo huandikwa Boga.

Huko ndiko alikozikwa Kanoni Apolo Kivebulaya, aliyefariki tarehe 30 Mei 1933. Katika Kanisa letu la Anglikana kuna watu wengi wanaomkumbuka siku hiyo. Lakini nimeona kwamba washirika wengi wa kwetu hulijua jina tu, na wakiulizwa husema kwamba ni yule mtu aliyekwenda peke yake kuwahubiria watu wa msituni. Neno hilo la peke yake ndilo lililonifanya nichukue kalamu, kwa sababu si kweli.

Apolo alizaliwa Buganda mnamo mwaka 1864. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa. Alikuwa bado mtoto mwaka 1877, wamishenari wa kwanza wa Chama cha CMS walipofika kwa Mfalme Mutesa. Hapa inafaa tukumbuke kwamba wamishenari hao hawakushuka kutoka mawinguni. Walitoka pwani kwa miguu, wakapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, wakanywa maji ya visima vya babu zetu na kulipa hongo kwa watemi wetu. Tena vitabu vya kwanza walivyosoma vijana wa Buganda vilikuwa vya Kiswahili, kabla Injili haijapigwa chapa kwa Kiganda. Kwa hiyo habari iliyomfikia kijana Waswa ilikuwa imepita kwetu kwanza, nasi tukaiacha ipite. Waliobaki kuishika Ugogo wakati ule walikuwa wachache sana.

Ujana wake ulikuwa katika miaka mibaya. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Mfalme Mwanga aliwaua Wakristo wengi, Waanglikana na Wakatoliki, na wengi wao walichomwa moto Namugongo mwaka 1886. Wazungu walikuwa wachache mno, na mwaka 1888 wakafukuzwa wote. Kanisa lile lingeweza kuisha. Lakini tangu mwaka 1885 lilikuwa limechagua baraza la wazee kumi na wawili, Waganda wenyewe, na wazee hao waliendelea kuwakusanya watu nyumbani mwao, usiku, wakasoma na kuomba. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Aliyetafutwa na askari wa mfalme alifichwa na mwenzake. Vita vya dini vilipolipuka mwaka 1888, wengi walikimbilia Ankole pamoja, wakala pamoja walichopata, na baadaye wakarudi pamoja. Waswa naye alijikuta katika majeshi ya vita vile, akapigana kama vijana wengine, wala hakuwa mtakatifu. Aliyavuta moyo wake makanisa yale ya nyumbani, yaliyoishi miaka ya moto bila jengo wala mshahara.

Alibatizwa mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, akapewa jina la Apolo. Msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka kwamba Apolo wa zamani alikuwa msemaji hodari, ila alijua nusu ya habari tu, mpaka mume na mke, Akila na Prisila, walipomchukua kwao wakamweleza vizuri zaidi. Jina la Kivebulaya lilikuja baadaye. Watu walimpa kwa utani, kwa sababu alipenda kuvaa koti la Kizungu juu ya kanzu yake, na neno hilo kwa Kiganda maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Alipewa kwa kuchekwa, akalikubali, na leo limeandikwa katika kalenda za Kanisa.

Mwaka huohuo wa 1895 alipelekwa kuwa mwalimu katika nchi ya Toro, chini ya Ruwenzori, kwa Mfalme Kasagama. Huko akasikia habari za Mboga. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kwenda huko, nao walikuwa wamerudi. Hawakurudi kwa sababu ya woga wala kwa kukosa imani. Walirudi kwa njaa. Mtemi wa Mboga, jina lake Tabaro, hakupenda mafundisho yao juu ya wake wengi, pombe na uganga. Hakuwaua wala hakuwafukuza. Aliwakataza tu watu wake wasiwauzie wala kuwapa chakula, na hilo likatosha.

Hapa naomba nisimame kidogo. Nimekaa katika mitaa yetu miaka mingi, nami nimeona jambo la namna hii bila mtemi yeyote kuamuru. Katika mtaa mmoja, ambao sitautaja, mwinjilisti alipelekwa na kupokewa kwa ngoma na vigelegele. Mwaka wa kwanza wa ukame watu walimletea uwele kidogo. Mwaka wa pili kila mmoja alidhani mwenzake atampelekea. Mke wake akawa anakwenda kuomba unga kwa jirani asiye Mkristo. Siku moja tulikuta nyumba imefungwa kwa kamba na ufunguo wa kanisa umeachwa kwa mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliodhani mwenzake atapeleka. Tulisema kwamba mwinjilisti yule hakuwa na wito.

Basi Apolo akakubali kwenda mahali pale walipotoka wenzake. Alivuka milima na mto Semliki mwishoni mwa mwaka 1896, akafika kwa Tabaro. Hakungoja kuletewa chakula. Alishika jembe, akalima viazi na ndizi, na watu wakaona mwalimu mwenye mikono iliyochafuka kama yao. Kila siku alipiga ngoma, akawafundisha kusoma waliokuja. Mwanzoni walikuwa wachache sana. Katika makanisa yale mtu alifundishwa kusoma kwanza, ndipo abatizwe, na kwa hiyo waliitwa wasomaji kabla ya kuitwa Wakristo. Walikaa chini pamoja wakiwa wameinamia karatasi moja, na wengine, kama ilivyokuwa mahali pengi penye karatasi chache, walijifunza kusoma huku karatasi iko upande au imepinduliwa, kwa kuwa walikuwa wamekaa duara.

Tabaro alipoona wasomaji wanaongezeka na baadhi yao wanaacha hirizi zao, chuki yake iliongezeka. Katika miaka ile ya mwanzo Apolo alipata mapigo mengi. Kanisa la nyasi lilichomwa moto, na nyumba yake vilevile. Husimuliwa kwamba safari moja alipigwa mpaka waliompiga wakadhani amekufa, wakamtupa kwenye majani marefu. Mwanamke mmoja alimkuta, akamchukua kwa siri, akamwosha vidonda na kumlisha mpaka akapona, huku watu wa mtemi wakiamini kwamba habari ya mwalimu yule imekwisha. Kisha asubuhi moja ngoma ya kanisa ikalia tena, na Tabaro akapigwa na bumbuazi.

Jina la mwanamke yule halitajwi katika simulizi hiyo. Nimefikiri sana juu yake. Alijua mtemi anataka nini. Kama angegunduliwa, hakuwa na mfalme wa Toro wala mzungu wa kumtetea. Tena kumlisha mtu mgonjwa kwa siri katika kijiji si jambo la siku moja. Moshi wa jiko huonekana, na maji ya kuosha vidonda lazima yatekwe mahali watu wanapotazamana. Akina mama wanaosoma gazeti hili wanajua kazi hiyo kuliko mimi. Hata hivyo, masimulizi mengi humpa mstari mmoja, kisha yanarudi kwa Apolo.

Mwaka 1898 likaja jaribu jingine. Kulikuwa na kazi ya ujenzi kwa Apolo, na mkuki uliachwa mahali pabaya. Dada yake mtemi akajikwaa, akauangukia, akafa. Ilikuwa bahati mbaya tu, lakini Tabaro alipata alichokuwa akikitafuta. Apolo alishtakiwa kwamba ameua, akafungwa, akapelekwa mpaka Fort Portal kwa wakuu wa Kiingereza, akawekwa gerezani. Fikiri hali yake. Mtu mwenye miaka mitatu tu tangu abatizwe, amefungwa kwa neno la kuua mwanamke, na kundi lake changa liko ng'ambo ya mto mikononi mwa mtemi aliyelichukia.

Katika kipindi hicho cha dhiki Apolo alipata njozi aliyoisimulia mpaka mwisho wa maisha yake. Alimwona Kristo usiku, aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Tangu hapo, alisema, hofu ilimtoka. Wengine wetu tuna mashaka na njozi, na si kila anayedai kuota ameona jambo. Mimi hupima njozi kwa yale yanayofuata. Apolo alipoonekana hana hatia na kufunguliwa, alikuwa na ruhusa kamili ya kubaki Toro, mahali penye rafiki, chakula na kanisa kubwa. Alirudi Mboga.

Alirudi kwa watu wale wachache. Hilo ndilo jambo linaloachwa na wale wanaosema alifanya kazi peke yake. Kama pale Mboga pasingalikuwa na wasomaji waliomngoja, angalirudi kwa nani? Mchungaji hushikwa na kundi lake kama vile kundi linavyoshikwa na mchungaji. Hata Tabaro mwenyewe alishindwa mwishoni. Mtu aliyewanyima walimu chakula na kuchoma kanisa aliomba mafundisho, akabatizwa, akaitwa Paulo. Wale aliokuwa amewatesa walilazimika kusogea kwenye mkeka na kumpa nafasi. Nadhani hilo halikuwa rahisi kwao. Kumsamehe mtemi kwa mdomo ni jambo moja, na kukaa naye bega kwa bega kila Jumapili ni jambo jingine. Lakini walimpokea, na Mboga pakawa na kanisa.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na mwaka 1903 akawa kasisi. Kwa miaka mingi baada ya hapo alitumika Toro, akijenga makanisa na kuweka walimu. Hakuoa. Alikuwa na mchumba, naye akafa, na Apolo akaamua kubaki hivyo kwa ajili ya kazi. Lakini asidhani mtu kwamba nyumba yake ilikuwa kimya. Ilijaa vijana na watoto, waliokula kwake, waliosoma kwake na kulima naye. Wengi wa walimu aliowatuma baadaye walitoka katika nyumba hiyo, walikokuwa wameona jinsi mtu anavyoomba alfajiri na jinsi anavyogawa chakula kinapokuwa kidogo.

Siku hizo Wazungu walikuwa wakipima mipaka ya nchi zao. Mboga, iliyodhaniwa kuwa upande wa Uganda, ikaangukia upande wa Wabelgiji, katika Kongo. Wakristo wa Mboga walijikuta wametengwa na kanisa mama, na nguvu zao zikaanza kupungua. Apolo, ambaye sasa alikuwa mtu wa miaka hamsini na zaidi, aliomba arudishwe huko. Akavuka Semliki tena wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Miaka hiyohiyo sisi huku tulikuwa katika taabu yetu wenyewe. Majeshi yalikuwa yamepita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha ikaja njaa ile ya Mtunya ambayo wazee wetu walihesabu miaka kwayo. Waliookoka Mtunya walisimulia habari zinazofanana: ni nani aliyegawa kibaba chake cha mwisho, na ni nani aliyefunga mlango.

Akiwa Mboga, mnamo mwaka 1921, Apolo alipata njozi nyingine, ya kumtuma msituni. Humo waliishi Wambuti, watu wafupi wa mwili, wawindaji, ambao Waswahili wa misafara waliwaita mbilikimo. Jirani zao waliwadharau na kuwahesabu nusu ya watu. Msomaji anayekijua kichaka cha Itigi, jinsi kilivyosongamana mpaka mtu hawezi kupita wima, asifikiri kwamba anaujua msitu wa Ituri. Kichaka cha Itigi mtu anakiona juu yake mbingu. Ituri miti ni mirefu, majani yamefunika kila kitu, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Wambuti hawakukaa mahali pamoja. Leo wako hapa, baada ya majuma machache wamehama wakifuata nyama na asali.

Apolo hakuwaambia watoke msituni wakajenge kijiji kama Waganda. Aliwafuata walikokuwa, akajifunza njia zao na lugha yao, akakaa nao chini. Tena hakwenda mwenyewe tu. Aliwatuma vijana wa Mboga, wana na wajukuu wa wale wasomaji wa kwanza, wakakae kwenye vijiji vya pembezoni mwa msitu wawe walimu. Kanisa ambalo mwaka 1896 halikuweza kulisha walimu wawili sasa lilikuwa linatuma walimu wake. Vibanda vya kusalia vilijengwa msituni, na watu waliodharauliwa wakakaa ndani yake pamoja na waliokuwa wakiwadharau. Mwaka 1922 Apolo alifanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa Mwafrika wa siku zile. Aliipokea, akarudi kwake msituni.

Mapema mwaka 1933 moyo wake ulikuwa umechoka, naye akatibiwa Mengo, Kampala. Alipojua kwamba hatapona, aliomba arudishwe Mboga. Safari ilikuwa ngumu kwa mgonjwa, lakini alitaka kufa kati ya watu wake.

Kundi lile halikutawanyika alipokufa. Kwa karibu miaka 40 lilibaki chini ya Kanisa la Uganda, mbali na maaskofu. Mwaka 1972 pakawa na Dayosisi ya Boga, na mwaka 1992 Kanisa la Anglikana la nchi ile likawa jimbo kamili, na Askofu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Byankya Njojo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha wanazosalia, kwa hiyo Mkristo wa Manyoni akifika huko hatapotea katika ibada. Lakini amani hawakupata. Vita vya Ituri viliwaandama kwa miaka mingi, na mwishoni mwa Mei 2021, siku zilezile za ukumbusho wa Apolo, watu wenye silaha waliivamia Boga na Tchabi iliyo jirani, wakaua watu zaidi ya 50 katika usiku mmoja, na maelfu wakakimbia. Tunapoombea makanisa yenye dhiki, tuwataje kwa jina.

Kabla hajafa Apolo alitoa agizo moja juu ya mazishi yake. Desturi ya Waganda ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha, na waliobaki walipaswa kuiendeleza. Watu wa Mboga wakachimba kaburi, wakamlaza kama alivyosema.